Nieleze Jana Yako: Miaka Yangu katika Chumba cha Uzazi wa Mpango

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za kabati, nikaagwa kwa soda, keki, na hotuba zilizonisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya. Nilipewa pia saa ya ukutani, zawadi ambayo mtu aliyestaafu haihitaji hata kidogo. Ninyi vijana mliobaki pale kituo cha afya Ipagala mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu havikuwa vingi, na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya kile chumba kidogo mwisho wa korido, ambacho mwanamke akiingia hufunga mlango kwanza ndipo anasalimia.

Sikuanzia humo. Nilianzia wodi ya wazazi Kongwa, nyumbani kwetu. Siku ya kwanza mkunga mkuu alinikabidhi kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaniambia niweke sikio na ninyamaze. Nikasikiliza kwa bidii, nikatangaza kwamba mtoto ana nguvu za ajabu. Kumbe nilikuwa nasikiliza tumbo la mama likinguruma kwa njaa. Wodi nzima ilicheka, na mama mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akaniomba uji.

Kwa miaka mingi basi kazi yangu ilikuwa kupokea watoto, na wanawake waliosema inatosha sikuwafikiria sana. Nilipohamishiwa Kondoa na kupangiwa chumba cha uzazi wa mpango, nilinuna. Niliona nimetolewa kwenye kazi ya uhai na kifo nikapelekwa kugawa vidonge kama mwuza pipi.

Mwenye chumba alikuwa Bi Zaituni, Mrangi wa kule milimani, mwanamke mnene wa taratibu aliyebakiza miaka michache astaafu. Ushungi wake mweupe ulipigwa pasi vizuri kuliko gauni langu la kazi. Mezani palikuwa na mashine ya presha ya kupuliza kwa mkono, nyonga ya plastiki ya kufundishia, na kibao alichobandika sampuli: pakiti ya vidonge vya majira, kichupa cha sindano, kijiti laini cha kuweka chini ya ngozi ya mkono, kitanzi, na kondomu ambayo kila mgeni alijifanya haioni. Ukutani palikuwa na bango la baba, mama na watoto wawili, wote wanne wakitabasamu kwa wakati mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona katika nyumba yoyote yenye watoto.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama aliyetaka kuacha vidonge kwa sababu alikuwa anavisahau. Nikafanya kama nilivyofundishwa kwenye semina. Nikamwekea kibao mbele, nikamweleza faida na hasara za kila njia, nikamaliza kwa kumwuliza, "Sasa mama, unachagua ipi?"

Yule mama akatazama kibao, akanitazama mimi, akasema, "Yoyote utakayonipa, Sista."

Bi Zaituni akasogeza kiti chake. "Sista Ester, umemwuliza kama yuko dukani," akasema, bila ukali. Kisha akamgeukia mama. "Mwanangu, hebu nieleze jana yako. Tangu ulipoamka."

Mama akaanza polepole, kisha akachangamka. Aliamka kabla ya wengine, akaenda kuteka maji, akaenda shamba, akarudi akakuta wifi yake ameshaanza kusonga ugali. Bi Zaituni akauliza unga unakaa wapi. Kwenye debe, chumba cha jikoni. Na vidonge? Mama akacheka kwa aibu. Vidonge navyo vilikuwa kwenye debe hilohilo, chini ya unga, na kila wifi alipokuwa jikoni havikuweza kutolewa. Kwa hiyo hakuwa msahaulifu hata kidogo. Aliondoka na sindano ya miezi mitatu.

"Njia ya uzazi haibaki hospitali," Bi Zaituni aliniambia mlango ulipofungwa. "Inakwenda kuishi nyumbani kwa watu. Ijue nyumba kwanza."

Niliudharau kidogo ushauri huo, lazima niseme, kwa sababu foleni nje ilikuwa ndefu na jana za watu ni ndefu zaidi. Lakini nilikaa nikatazama. Nikawaona wake za wafanyabiashara wa minadani, ambao waume zao hutembea na mizigo ya mitumba kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Hao walimeza vidonge siku mume akiwapo tu. "Nimeze za nini na yeye hayupo?" mmoja aliniuliza, na ukimsikiliza ni hoja nzuri, ila mwili haujui ratiba ya minada. Nikawaona na wale walioacha vidonge mwezi mzima wa Ramadhani, kwa sababu siku walipoanza waliambiwa wameze na chai ya asubuhi, na Ramadhani hakuna chai ya asubuhi. Miezi tisa baadaye wodi ya wazazi haikuwa na pa kukanyagia. Mimi, Mwanglikana wa Kongwa, nisingeligundua hilo mpaka nizeeke. Bi Zaituni alikuwa akianza kuwakumbusha mapema, mfungo haujaingia: hamishieni baada ya futari, wanangu, na Mungu ataipokea funga yenu hivyohivyo.

Baada ya muda aliniachia chumba kwa siku nzimanzima, na mimi nikauliza jana za watu kama yeye. Nilijiona nimeiva. Ndipo akaja Mwanaidi. Hilo si jina lake, lakini yeye mwenyewe ni mtu kamili, na kila mlichosikia nikiwaambia kwenye chumba chetu cha Ipagala kinatoka kwake.

Mwanaidi alikuwa na watoto wanne. Wa nne, msichana, alimzaa akiwa katika kifafa cha mimba. Presha ilipanda, akaanza kutetemeka na kupoteza fahamu, na waliokuwa zamu siku ile walikuwa wameshakata tamaa kimoyomoyo. Alipona. Daktari akamwambia yeye na mumewe, Bwana Issa, kwamba mimba nyingine inaweza kumwua. Alinyonyesha, na mtoto alipoanza kutembea, jirani akamwelekeza duka la dawa, akaanza kununua vidonge. Hakuna aliyempima presha. Alimeza kwa uaminifu mkubwa, maana aliogopa kufa. Alipokuja kwangu alikuwa akilalamika kichwa.

"Kinaanza na vimulimuli machoni, Sista. Vinacheza upande mmoja. Halafu kichwa kinapasuka."

Nikafunga mashine mkononi mwake, nikapuliza, nikasikiliza. Nikarudia mkono wa pili. Presha ilikuwa imepanda tena. Nikamweleza wazi kwamba vidonge vile, kwa presha ile na kichwa cha namna ile, vinaweza kumletea kiharusi. Avikatishe leo. Akakunja mikono akasema kwa sauti ndogo, "Nikimeza nitakufa, nisipomeza nitakufa. Sasa nifanye nini?"

Hilo ndilo swali lililokuwa mezani, vijana wangu. Sijaulizwa gumu kuliko hilo.

Nilimtuma kwanza kwa daktari kwa ajili ya presha, kisha tukakaa. Sindano, kwa presha yake, sikuipenda. Kuna vidonge vya aina nyingine visivyopandisha presha, lakini vinataka saa ileile kila siku. Mwenyewe alitabasamu, akasema saa pekee nyumbani kwao ni ya mumewe, na husafiri naye. Kufunga kizazi moja kwa moja hakutaka. Kitanzi alikitazama kwenye kibao akaondoa macho haraka. Nikamwuliza jana yake. Akanieleza vizuri, bila kuruka: maji, kuni, watoto, kupepeta ulezi, mume kufika na vumbi la safari, chakula, kulala. Ilikuwa jana ya mwanamke mwenye kazi nyingi asiye na nafasi ya kukumbuka kitu cha kila siku. Kijiti kilimfaa kabisa: kinakaa mkononi miaka mitatu, hakina cha kumeza, hakidhuru presha. Alikuwa kwenye siku zake, wakati mzuri wa kukiweka. Akakubali, nikamchoma ganzi, nikakiweka. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Miezi kadhaa baadaye alirudi, ameufunika mkono wenye kijiti kwa kiganja cha mkono mwingine. Bi Zaituni alikuwapo siku hiyo.

"Kitoeni," akasema.

Presha ilikuwa imeshuka. Kichwa kimetulia. Nikamwuliza shida ni nini, akasema damu. Haikuwa nyingi. Ilikuwa tone leo, kesho hakuna, keshokutwa tone. Ilikuja na kuondoka bila mpango. Mimi nikasema lile neno ambalo sote tunalisema, kwamba ni kawaida, avumilie kidogo itatulia.

"Sista, sijaswali vizuri tangu nilipotoka hapa," Mwanaidi akasema. "Natawadha, nasimama, naona doa. Bibi anayetufundisha dini ameniambia damu ya namna hiyo haizuii swala, nijitwaharishe niswali. Nimemwelewa. Lakini nikisimama kwenye mswala nasikia aibu mbele ya Mola wangu, na hesabu ya siku zangu imenipotea. Sijui leo ni ya hedhi au ni ya mkono huu. Na Ramadhani ile inakuja. Nitafunga vipi?"

Akaanza kulia, kimya, bila kujifuta. Mimi nilishikwa na hofu kuliko huruma. Nikamvuta Bi Zaituni pembeni dirishani.

"Tukikitoa leo akapata mimba, tutamzika," nikamwambia.

"Tukikataa, atakwenda kukitoa kwa wembe," akajibu. "Nimeshamshona mmoja wa namna hiyo. Mwanamke akikuomba utoe, toa. Akijua kwako kuna kutoka, ataingia tena."

Kisha akaniuliza nilimwuliza nini siku ya kwanza. Nikamweleza ile jana yote, maji, kuni, ulezi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na alfajiri alifanya nini? Na adhuhuri?"

Nikairudia kichwani. Katika ile jana hapakuwa na swala hata moja. Mwanamke wa Kondoa, binti wa mwalimu wa madrasa, ananieleza siku nzima na mimi sioni kwamba hakuna swala ndani yake. Alikuwa kwenye siku zake, na mwanamke aliye kwenye siku zake haswali, kwa hiyo hakuwa na swala ya kunieleza. Jambo lililokuwa kubwa kuliko yote nyumbani kwake ndilo halikuwamo katika jana ile. Bi Zaituni hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwa mwanamke jana moja haitoshi, mwulize na ile ya wiki iliyopita. Tangu siku hiyo nimeuliza mbili.

Nikakitoa kijiti. Ni kazi ndogo: ganzi, mkato mfupi, koleo ndogo, bandeji. Mwanaidi alitazama ukutani muda wote. Tukamwambia arudi hata kesho tuzungumze juu ya kitanzi. Akasema atafikiri. Nikajua maana yake. Huku kwetu mtu akisema atafikiri mara nyingi ameshakataa, ila ana adabu.

Zikapita siku, hakuja. Kila mwanamke aliyefungua mlango nilitazama kama ni yeye. Asubuhi moja nikatoka nje nikaona watu kwenye benchi la akina mama wamejibana upande mmoja. Upande wa pili ameketi mwanamume peke yake, kofia ya kudariziwa kwa mkono kichwani, macho kwenye viatu vyake. Alikuwa Bwana Issa. Wanawake wengine walikuwa wanachekea ndani ya khanga. Aliingia ndani akabaki amesimama.

"Asalaam aleikum. Shikamoo Bi Zaituni."

"Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa." Akakohoa kidogo. "Nimekuja kuchukua kinga. Mke wangu bado anafikiri, nami sitaki afikiri kwa haraka."

Bi Zaituni akafungua droo bila kumtazama, ili asimwaibishe. "Na wewe umefikiri nini?"

"Mimi nilimaliza kufikiri siku ile ya kujifungua. Nilikuwa nje ya mlango. Nikawasikia wauguzi wanakimbia. Nilikuwa sijawahi kusikia muuguzi anakimbia." Akapokea mfuko, akauweka ndani ya koti. "Watoto ninao, Bi Zaituni. Mama yao ninaye mmoja."

"Na abaki mmoja," Bi Zaituni akasema, na kwa mara ya kwanza Bwana Issa akacheka.

Nilimpenda mtu yule. Mlizoea kunisikia nikiwagombeza mnapowaita waume vikwazo; nilikuwa namkumbuka yeye.

Mwanaidi alikuja wiki iliyofuata. Aliambatana na maswali ya ukoo mzima. Je, kitanzi kinapanda mpaka moyoni? Nikachukua ile nyonga ya plastiki nikamwonyesha mfuko wa uzazi, kwamba ni chumba chenye mlango mmoja, na njia ya kwenda moyoni haipo. Nikakibandua kitanzi kwenye kibao nikamwekea kiganjani. Akakigeuzageuza, kile kijiplastiki chenye uzi wa shaba. "Kumbe kadogo hivi?" Je, mume atavisikia vile vinyuzi vinavyoning'inia mwishoni mwake? Nikamwambia pengine, mwanzoni, na vikimsumbua tunavipunguza. Je, atazaa mtoto aliyekishika mkononi? Alijibiwa na Bi Zaituni kwamba akizaa wa namna hiyo atuletee, tunahitaji msaidizi.

Nami sikumficha ubaya wake. "Hakina homoni, hakitagusa presha yako," nikamwambia. "Lakini miezi ya mwanzo damu ya mwezi itakuwa nzito kuliko ulivyozoea, na siku zinaweza kuongezeka. Tumbo nalo litauma."

"Ila zitakuja na kuondoka?"

"Zitakuja na kuondoka. Huenda ukaona tone katikati pale mwanzoni, sikuahidi kinyume. Kisha zinashika mwendo wake."

Akafikiri, safari hii kweli. "Hizo nitaziweza," akasema. "Ni nzito, lakini nazijua."

Hebu tafakarini hapo. Kwenye vitabu vyetu damu nyingi ni ubaya mkubwa kuliko matone. Kwake matone ndiyo yaliyokuwa yakimvuruga maisha. Tungechagua sisi, tungechagua vibaya kwa nia njema kabisa. Tulipima mimba, tukapima damu yake kama inatosha, tukahakikisha hana maambukizi, nikakiweka. Alishika mkono wa Bi Zaituni, akasoma dua kwa sauti, nami mwisho wa dua nikasema amina, maana nilikuwa naiunga mkono kwa dhati.

Baada ya Idi alileta sahani ya visheti. Presha yake ilikuwa shwari. Alisema amefunga, na siku zilizompita kwa hedhi anazijua, atazilipa. Alilisema hilo kwa raha kuliko watu wengine wanavyosema wamepata kiwanja.

Bi Zaituni alistaafu, nami baadaye nikahamia mjini, Ipagala. Huko mnajua wenyewe. Nilidhani wasichana wa ofisi za serikali kule Mtumba hawatakuwa na haja ya maswali yangu, maana wanakuja wamesoma kila kitu kwenye simu. "Sista, nataka ku-stop pills, nataka kitu natural." Nikimwuliza jana yake nakuta ameondoka nyumbani giza, amerudi giza, amekula chipsi amesimama, na kinachomwumiza kichwa kwa kiasi kikubwa ni bosi wake. Wengine waliondoka na kijiti, wengine kitanzi, wengine kalenda na onyo kali. Wachache walirudi kwenye vidonge vilevile, wakijua sasa kwa nini. Hakuna aliyepata njia isiyo na kasoro. Sijaiona mpaka leo, na atakayewaambia ipo, angalieni anauza nini.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja, shule zikifunguliwa, nilikuwa nafungua dirisha nikasikia naitwa kwa jina kutoka uani. Alikuwa Mwanaidi, amenenepa. Bwana Issa amepata kibanda sokoni mjini, wamehamia Ipagala, ameambiwa sista wa Kondoa yuko hapa. Ameshika mkono wa yule msichana wa nne, aliyekuwa amevaa sare mpya ya darasa la kwanza, sketi imefika karibu na vifundo ili imvushe miaka miwili.

"Shikamoo," mtoto akasema, kisha akaketi chini kwenye vumbi kama alivyo, na sare yake.

Nilimwuliza Mwanaidi habari za kichwa. Akafikiri kidogo, kama umemwuliza habari za mtu aliyehama mtaa zamani. Lakini hakupata kunijibu, kwa sababu alikuwa ameona sketi. "Inuka! Inuka hapo! Hujafika hata shule! Sista, huyu mtoto hanisikii, sijui nimfanye nini, huyu ataniua."

Aliaga kwa haraka, akamburuta kuelekea barabarani, huku akimpangusa matako kwa kiganja na kumgombeza kila hatua. Wateja walikuwa wananisubiri ndani. Niliwaacha wasubiri, nikasimama uani nikimsikiliza anavyogombeza mpaka sauti ikapotelea kwenye kona.